Somo yangu, mpigie mjomba kabla ya Jumamosi

Somo yangu,

Assalam aleikum. Hapa wazima, mvua imepiga wiki nzima na njia ya kisimani haipitiki, mama yako mguu umepungua kuvimba, anatembea hadi kwa jirani akarudi, kwa hilo usiwe na wasiwasi. Nimekutumia voisi tatu tangu juzi na zote tiki bado za kijivu, nkajua tu madamu wako huko Doha amekuchukulia simu mpaka Ijumaa. Basi naandika, manake maandishi utayasoma hata usiku chini ya blanketi, na hili jambo haliwezi kungoja.

Ni mdogo wako. Anataka kusimama MCA, mjumbe wa wadi yetu kwenye bunge la kaunti.

Si tetesi za sokoni, alisema mwenyewe mbele ya watu Jumapili pale chini ya mkwaju, siku ya kikao cha basari, zile pesa za kusaidia karo. Wazee kwenye viti vya plastiki mbele, sisi kwenye mikeka nyuma na watoto mgongoni kama kawaida. Akainuka, leso kaifunga kiunoni, mkononi ana daftari lile la kurasa mia mbili. Kumbe tangu Januari amekuwa akipita nyumba hadi nyumba akiandika majina ya watoto waliorudishwa kwa ajili ya karo. Somo, alisoma majina 41. Jina la mtoto, jina la mama, shule, deni. Alipofika kwa yule kijana wa Mama Mchele, yule aliyepata alama nzuri halafu sasa anabeba mchanga kwa mkokoteni, mamake alijifunika uso na leso. Hakuna aliyekohoa. Alipomaliza akasema, hizi basari nataka nisimamie mimi, 2027 naomba kura zenu. Weee! Vigelegele vilipigwa mpaka kuku wakakimbia.

Halafu kaka yenu mkubwa akasimama. Akasema asante tumesikia, lakini kiti kile kina mwenyewe, yeye asubiri nominesheni. Mwengine akadakia, kwani kiti cha mama kaunti, kile cha mwakilishi wa wanawake, si kipo? Wakacheka. Na mdogo wako bado amesimama, daftari limefunguka, kidole kiko kwenye jina la mwisho. Hicho kidole nimekiona usiku kucha.

Nominesheni! Kuteuliwa na chama bila kupigiwa kura, wewe unajua ilivyo. Orodha inaandikwa na wakubwa wa chama, unaweza kuwekwa namba tatu leo na kesho ukajikuta namba tisa, kura zikishahesabiwa chama kinapewa nafasi kulingana na wadi kilizoshinda, na wewe wa tisa unarudi kuuza bhajia. Na hata ukiingia huna wadi, huna watu wako waliokuchagua, kila ukisema kitu unaambiwa wewe uliletwa tu. Wanawaita bonga points wallahi, kama zile pointi za bure za simu, mtu mzima na akili zake anaitwa bonga points. Zile nafasi za kuteuliwa zilizowekwa na katiba zina kazi yake, bila hizo mabunge mengi ya kaunti yangekuwa karibu barza za wanaume watupu, sizikatai. Ninachokataa ni kutumia mlango wa pembeni kumfungia mtu mlango mkubwa.

Na kusubiri si tumesubiri? Nlikaa na nyanya jioni ile ile nkamhadithia, akanyamaza kidogo akaniambia lete kopo langu. Lile kopo la maziwa ya unga analoweka ubani. Akatoa kipande chake, kitambulisho, kimeisha pembe. Akaniambia kura alipiga mara ya kwanza Mei 1963, ana mimba ya babangu. Kabla ya hapo, 1957 Waafrika walipoanza kuchagua watu wao wa Legiko, lile baraza la sheria la mkoloni, ilibidi uwe na elimu ama kipato ama mali ama cheo, sasa mwanamke wa Kidigo wa wakati ule angelitoa wapi? Yule Ronald Ngala wa huku pwani alipita bila mkono wake. Halafu kipande, somo, kipande walikuwa wakipewa wanaume peke yao tangu mkoloni, na hata baada ya uhuru, mpaka 1978 ndio sheria ikabadilishwa na mwanamke akaandikwa! Miaka 15 una kura lakini huna karatasi ya kuonyesha wewe ni nani. Nyanya alisema, nlikuwa nikiulizwa wewe wa nani, nasema wa fulani, ndio kitambulisho changu hicho.

Na unakumbuka 2022 ile mashine ya kutambua wapiga kura ilivyomkataa vidole? Hukuwepo, ulikuwa ushaondoka. Kushona makuti maisha yote kumemlamba vidole vikawa laini kama kijiko. Msichana wa watu akamfuta na kitambaa, gumba la kulia, gumba la kushoto, shahada, hakuna. Foleni nyuma inaguna. Nyanya akakaa kwenye kiti akasema sitoki. Mwisho wakamtafuta kwa namba ya kipande, na ndio hicho hicho anachokiweka na ubani. Akapiga. Na mwaka ule ule Fatuma Achani akawa gavana wetu wa Kwale, gavana mwanamke wa kwanza pwani nzima, baada ya kukaa naibu mihula miwili anaangalia. 2013 kaunti zote 47 hakukuwa na gavana mwanamke hata mmoja, 2022 wakapatikana saba. Hao hawakungoja kuandikwa kwenye orodha, waliomba kura.

Lakini juu huko kwa wabunge bado. Viti 290 vya konstituensi na wanawake walioshinda 2022 ni kama 30 hivi. Katiba ya 2010 imesema jinsia moja isizidi theluthi mbili, Mahakama ya Juu ikawapa hadi Agosti 2015 watunge sheria, hawakutunga, Maraga, jaji mkuu wa wakati ule, mwaka 2020 akamshauri rais avunje bunge kwa sababu hiyo na bunge halikuvunjwa. Wa Kwale hapa hapa, Zuleikha Hassan, aliyekuwa mwakilishi wetu wa wanawake bungeni, Agosti 2019 aliingia ukumbini na mtoto wa miezi mitano, akaambiwa atoke nje. Mtoto wa miezi mitano! Kila nikikumbuka ile picha moyo unanipanda.

Sasa nije kwa mjomba. Kikao cha ukoo ni Jumamosi, kaka yenu amekiitisha ili wamkataze kwa pamoja. Hoja yake eti akiolewa ataenda kwengine na wadi itabaki haina mtu. Na dada yetu wa Ramisi alipotaka kusimama kule alikoolewa si aliambiwa arudi kwao? Basi mwanamke wa wapi? Na sisi Wadigo fuko, yaani ukoo, tunalihesabu kwa mama, lile shamba la mikorosho mmelipata kwa mjomba kwa sababu ya tumbo la mama yenu. Kwa hiyo kaka yenu hana sauti mbele ya mjomba, na mjomba hana moyo wa kukukatalia wewe, mabati yaliyo juu ya kichwa chake ni jasho lako la Doha.

Sikuombi pesa, sikia. Ada ya tume ya uchaguzi mwaka 2022 kwa MCA ilikuwa 5,000 na mwanamke nusu yake, hiyo tutachanga kwenye chama chetu cha kuchangiana cha Alhamisi. Mambo ya tiketi ya chama cha siasa na mafuta ya boda tutayapanga, akina mama 30 washaandika majina, hata Mama Mchele. Nataka sauti yako tu. Umwambie mjomba amwache msichana asimame, akishindwa kwa kura ashindwe kwa kura.

Na wewe je? Utaweza kupata simu kabla ya Ijumaa? Pasipoti yako anayo nani, wewe ama madamu? Manake huko Doha 2022 Wakenya walipiga kura lakini ni ya rais peke yake, ya mdogo wako hutaweza, labda uwe umerudi kabla ya Agosti 10, 2027, mkataba wako unaisha lini kwani? Na ulijua kuhusu hilo daftari ukaninyamazia? Alikuambia anaogopa? Mimi haniambii, ananichekea tu.

Mjomba simu yake imeingia maji, mpigie kwa namba ya mkewe mdogo, baada ya isha, akishakula.

Somo wako