Kwa wanangu wa Tanga mnaofungua kampuni za teknolojia

Wanangu, salaam aleikum.

Nawasikia mkizungumza kivita: kuteka soko, kumpiga mshindani, kuvamia Dar. Basi tuzungumze vita, maana moja ilipiganwa hapa kwetu, na mnaikanyaga kila mnapokwenda kuogelea Raskazone.

Asubuhi ya Novemba 2, 1914, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa imeanza na Wajerumani ndio wanaotawala hapa, manowari ya Waingereza, Fox, iliingia bandarini kudai mji usalimu amri. Nyuma yake zilikuja meli zenye askari karibu 8,000 kutoka India. Jenerali wao, Aitken, alipopita Mombasa alipewa askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, wanaoijua nchi, akawakataa. Watu wake, waliochoshwa na wiki nyingi za bahari, wakashushwa kwenye mikoko, hakuna aliyetangulia kuipima njia.

Upande wa pili Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alikuwa na watu kama 1,000, wengi wao askari Waafrika, na wengi walibeba bunduki za mtindo wa 1871 zinazofuka moshi kila zikilia. Aliwaleta kwa reli ya Usambara. Alipofika, usiku ule ule alipanda baiskeli, akapita mjini kimya hadi pwani, akazitazama meli kwa macho yake. Mpiganaji mkuu, juu ya baiskeli, gizani! Kesho yake, Novemba 4, alijua nani asimame wapi. Waingereza waliondoka wakiacha mamia ya bunduki na risasi zaidi ya nusu milioni.

Wazee wenzangu hupenda kusimulia nyuki waliowavamia askari siku ile. Ni kweli walikuwapo, lakini waliuma pande zote mbili. Mimi naishika ile baiskeli.

Mwezi uliopita baadhi yenu mlinionyesha programu ya kuwakopesha wavuvi. Imepambwa vizuri, inafunguka haraka hata kwenye simu yangu hii. Marejesho kila tarehe 1 na tarehe 15. Nikauliza: na mbalamwezi je? Mkatazamana. Wanangu, mvuvi wa dagaa hufuata giza, ndipo taa yake iwavute samaki. Mwezi ukikomaa, chombo kinalala ufukoni na mfuko unakauka. Tarehe 15 yenu ikiangukia hapo, programu itamwita mdaiwa sugu mtu ambaye wiki moja baadaye angelipa bila kusukumwa. Kasoro hiyo haizibwi na mtaji. Nendeni Sahare alfajiri, wiki mbili mfululizo, bila kamera. Kaeni na manahodha, na akina mama wanaokaanga samaki, muwaulize pesa yao inajaa lini na inapwa lini.

Hata uvumbuzi wa wakati ule ulianza hivyo. Amani, juu ya Muheza, kituo cha utafiti kilikuwa kinajaribu mimea tangu 1902. Waingereza walipoifunga bahari, dawa zikawa haziji, Wajerumani wa kituo kile walitengeneza kwinini kwa magome ya miti iliyokwisha kupandwa pale. Walikijua kilichosimama shambani kwao.

Lakini msije mkamfanya Lettow sanamu yenu. Hapa nawaomba mnisikilize kwa makini. Vita ile ilidumu hadi Novemba 1918, na ilibebwa vichwani. Pande zote mbili zilikamata watu vijijini wakachukue mizigo, na makumi ya maelfu walikufa kwa njaa, kuhara na malaria. Jina la Kariakoo kule Dar lilitokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Majenerali tunawajua kwa majina. Babu zetu waliokufa chini ya mizigo yao hatuna hata orodha yao kamili.

Ndiyo maana niliumia niliposikia kwamba kijana anayepokea simu za wateja wenu usiku hajalipwa tangu Ramadhani, kwa ahadi kwamba kampuni ikikua atakumbukwa. Mlipeni kabla ya kununua kompyuta nyingine. Aidha, yeye ndiye anayesikia malalamiko ya wavuvi kila usiku. Lile la mbalamwezi huenda alikwisha kulisikia, na hamkumuuliza.

Nipo barazani kila siku baada ya alasiri. Nileteeni programu yenu itakapokuwa inaujua mwezi wa angani, na mje na kijana huyo. Nitataka kumsikiliza yeye kwanza.