Usikubali waurudie

Ngamiani, Tanga
Alhamisi usiku

Somo yangu,

Hujambo na watoto? Huku tu wazima, ila mvua ya leo imetukomesha. Bati la studio likishaanza kupigwa hakuna kuingiza sauti ya mtu, kwa hiyo vijana wa kaswida nimewarudisha makwao, nikachemsha chai, nikakaa na huo wimbo wako ulionitumia mara mbili, wa jikoni na wa studio. Nimeusikiliza kwa spika kubwa, nikausikiliza kwa hedifoni, nikausikiliza na kwa simu yangu hii inayokoroma, nisije nikamwonea mtu.

Uliouimba jikoni kwako ndio wimbo. Ubeti wa pili, ukikaribia kumtaja mama, pumzi inakukatikia, unaivuta tena, na nyuma yako kifuniko cha sufuria kinachezacheza kwa mvuke. Nilipofika hapo mara ya kwanza niliweka kikombe chini. Huu wa studio ya huko Dar pumzi zote zimekatwa, sauti imenyooshwa kama shati la sikukuu, biti imejaa hadi pale ulipotaka kunyamaza. Mama unayemwimba humo simjui, na mama yako mimi nilimjua, amenilisha.

Unasema prodyuza amekwambia ule wa jikoni ni wa kuonyeshea tu, na ukikataa kazi yake utafute pa kwenda. Halafu mwisho kabisa, kwa maneno matatu, ukaandika kwamba unaacha muziki. Kabla hujaacha nisikilize nikusimulie habari za Linda Perry, maana tangu nilipousoma ujumbe wako hanitoki kichwani.

Sauti yake unaijua hata kama jina hulijui. Unaukumbuka “What's Up?”, tuliokuwa tukiupaza tukirudi kuogelea Raskazone, wewe juu mimi chini, Kiingereza chenyewe tukikibabaisha? Aliyeutunga na kuuimba ndiye huyo, yule wa kwenye video mwenye kofia ndefu na nywele za rasta. Alizaliwa mwaka 1965 Springfield, Massachusetts, huko Marekani, baba Mreno, mama Mbrazili, akakulia San Diego, kisha akahamia San Francisco na kuingia bendi ya 4 Non Blondes. Mazoezi yao ya kwanza waliyapanga jioni ya Oktoba 17, 1989, na saa kumi na moja ya jioni hiyo lile tetemeko kubwa likaupiga mji. Bendi ilianza hivyo.

Sasa sikia. Walipoingia studio kurekodi albamu yao ya 1992, wimbo huo ulitoka vingine kabisa na alivyoutunga. Mwenyewe amesimulia kwamba aliukataa katakata, wakarudi kuurekodi upya dakika za mwisho, yeye ndiye akiongoza, na huo ndio tuliousikia sisi huku. Sifa za uprodyuza hakupewa. Hebu fikiria: video yake imeshatazamwa zaidi ya mara bilioni 1 YouTube, na wimbo uliomo ni ule alioupigania.

Mwaka 1994 akaiacha bendi, albamu ya pili ikiwa bado inatengenezwa. Albamu yake ya peke yake ikatoka mwaka 1996, haikuuzika. Wangapi tunawajua, hapa hapa Tanga, waliofika hapo wakarudi kuuza duka?

Yeye akanunua mashine, akaanza kujifundisha kutengeneza midundo. Hapo mimi namwelewa mpaka mifupani. Wakumbuka nilivyoingia studio hii, kila aliyefungua mlango akiniuliza “fundi yuko wapi?” nami nimekaa kwenye kiti cha fundi? Katika kujaribujaribu huko ukazaliwa “Get the Party Started”. Ulipopelekwa kwa Madonna ukakataliwa. Kisha mwimbaji Pink, ambaye utotoni alikuwa akiipenda mno 4 Non Blondes, akaipata namba ya simu ya Linda, akampigia mwenyewe. Albamu waliyoshirikiana ikatoka mwaka 2001, na kuanzia hapo wasanii wakawa wanamfuata yeye.

Lakini nilichotaka kukwambia hasa ni cha “Beautiful”, aliyoitunga Linda na kuimbwa na Christina Aguilera, 2002. Christina aliingiza sauti ya majaribio tu, mara ya kwanza kabisa, rafiki yake akiwa pale chumbani. Kabla hajaanza akamwambia huyo rafiki asimwangalie. Akaimba. Baadaye akataka kurudia, maana alisikia makosa yake. Na Christina ni mwimbaji, somo, koo lile linapanda ngazi zote, angeweza kurudia vizuri kupita kiasi. Linda akakataa. Sauti iliyotoka ni ile ile ya majaribio, na yale maneno ya kuona haya yameachwa mwanzoni. Vaa hedifoni utayasikia. Wimbo huo ulimpa Christina tuzo ya Grammy mwaka 2004.

Mtu aliyewahi kuharibiwa wimbo wake ndiye aliyejua kuulinda wa mwenzake. Nimelifikiria hilo jioni nzima. Mwaka 2015 waliingiza jina lake katika ukumbi wa heshima wa watunzi wa Marekani, na mwaka 2019 akawa miongoni mwa walioteuliwa kuwania Grammy ya prodyuza bora wa mwaka. Ilikuwa imepita miaka 15 bila jina la mwanamke hata mmoja kutajwa hapo. Miaka 15! Hakushinda, na bado niliposoma habari hiyo nilitoka nje nikamwita dada yangu.

Hata hapa kwetu kuacha makosa kwenye rekodi haikuwa ajabu. Atomic Jazz na Jamhuri Jazz walirekodi bendi nzima ikipiga pamoja, akikohoa mmoja mmekohoa wote. Nani leo anazisikiliza zile akatamani zisafishwe?

Basi fanya hivi. Huyo bwana usigombane naye, mlipe chake na mwombe faili zako zote. Ule wa jikoni usinitumie tena kwa WhatsApp, inaiminya sauti. Uhamishie kwenye flashi jinsi ulivyo, usiukate popote, hata ule mwanzo unaposogeza kiti. Sauti sitaigusa. Nitaweka kinanda chini yake, polepole, na katika ubeti wa pili nitakiondoa nikuache wewe na sufuria yako. Ukiona hakifai, tunakitoa chote.

Panda basi la Jumamosi asubuhi. Ukishuka Kange nipigie, nimtume kijana wa bodaboda akufuate. Chumba cha nyuma nimeshakitandika.

Ni mimi,
somo yako