Malalamiko kuhusu nembo mliyoniuzia kuwa ya Carrera RS nyepesi

Kwa Meneja,
Huduma kwa Wateja

YAH: NEMBO ILIYOUZWA KWA MAELEZO YASIYO YA KWELI

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu.

Nembo ya metali ya Porsche niliyonunua kwenu imefika salama, imefungwa vizuri, na kwa hilo sina neno. Neno ninalo kwenye cheti mlichoambatanisha. Kinasema nembo hiyo ni orijino, imetolewa kwenye boneti ya 911 Carrera RS 2.7 ya 1973, toleo jepesi la M471. Haiwezekani.

Toleo hilo lilipunguzwa uzito kila mahali: bati jembamba, vioo vyembamba, hata milango kwa ndani ilifunguliwa kwa ukanda wa kuvuta badala ya kitasa. Nembo ya boneti nayo ilionekana mzigo, kiwandani wakabandika stika. Nembo yenye vijiti nyuma, kama hii yenu, inataka matundu kwenye boneti. Katika RS 2.7 zipatazo 1,580 zilizotengenezwa, M471 zilikuwa 200 tu. Sisi wakusanyaji tunalipia uchache huo, si kipande cha metali.

Sisemi nembo ni feki. Enameli yake imepauka kama ya kitu cha umri huo, na huenda ilitoka kwenye Porsche nyingine yoyote ya miaka hiyo. Na kama mwenye gari aliiweka mwenyewe baadaye, basi si orijino ya gari hilo, na cheti kilipaswa kusema hivyo.

Nilipowaandikia awali mlinijibu kwamba kila spea hukaguliwa na mtaalamu. Mtaalamu gani huyo? Maana sasa mnatangaza saa ya dashibodi, eti ya gari hilohilo. M471 haikuwa na saa! Iliondolewa kwa sababu ileile ya uzito.

Naomba mnirudishie fedha zangu zote pamoja na gharama za usafirishaji, kuja na kurudi. Mkipenda nibaki na nembo, niko tayari kulipa bei ya nembo ya kawaida ya miaka hiyo, kwa sharti kwamba mtanipa cheti kipya kisichotaja M471. Cheti cha sasa sikirudishi mpaka mthibitishe kwa maandishi kwamba mmekifuta, kwa sababu kikifika mikononi mwenu kitatafutiwa nembo nyingine.

Tangazo la saa nalo liondoeni kabla halijapata mnunuzi.

Wenu,
Mteja