Kwa mwanangu anayetaka kuwa ofisa: na mkeo, yeye ameitwa?

Mwanangu,

Umeniandikia kwamba Mungu amekuita kuwa ofisa, yaani mchungaji, wa Jeshi la Wokovu, kanisa letu lenye vyeo kama vya kijeshi, kwamba umeshaongea na kapteni wa posti yenu, kanisa lenu la mtaani, na kwamba mkikubaliwa mtahama Lubumbashi kwenda Kinshasa, kwenye shule ya maofisa. Nimefurahi, na furaha hiyo bado ninayo. Ila mwishoni uliweka maneno matatu yaliyoninyima usingizi: "Mama watoto atanifuata."

Nakujibu mbele ya watu kwa sababu si wewe wa kwanza kuyasema. Hapa Lubumbashi nayasikia mtaa wa Katuba, nayasikia Ruashi, tena kwa vijana wema, wanaompenda Mungu na kuwapenda wake zao. Jina lako sitalitaja, wala la mkeo.

Katika makanisa mengi ya mji wetu, siku mume anapowekewa mikono, mke anaamka akiwa mama pasta. Hakuna aliyemfundisha, hakuna aliyemuuliza. Kesho yake watu wanamletea wagonjwa awaombee na ndoa zilizovunjika azitengeneze. Wako wanawake wanaoibeba kazi hiyo vizuri ajabu, nawaheshimu. Lakini Jeshi halikujengwa hivyo. Kwetu mke hapati cheo kwa ndoa. Anaomba kuingia mwenyewe, anahojiwa mwenyewe, anakuwa kadeti, yaani mwanafunzi wa uofisa, kama wewe, anakaa darasani kama wewe, anahubiri na kusahihishwa kama wewe. Mwisho wa mafunzo anaweka sahihi yake kwenye agano la ofisa, na yeye pia anawekwa wakfu. Kwa miaka mingi kanuni ilikuwa kali kabisa: ofisa anaoa ofisa, la sivyo anauacha uofisa. Katika nchi kadhaa siku hizi imelegezwa, lakini desturi ya mume na mke kuitwa na kutumwa pamoja ndiyo inayotuongoza mpaka leo. Kwa hiyo ukisema "atanifuata", unamzungumzia mtu atakayesimama madhabahuni akiahidi kwa kinywa chake kwamba Mungu amemwita. Je, amemwita? Umemuuliza?

Haya hayakuzuliwa na wazungu wa jana. Mwaka 1860, siku ya Pentekoste, huko Gateshead nchini Uingereza, Catherine Booth alisimama katikati ya ibada ya mumewe, akaenda mbele na kusema ana neno. Mumewe, William, wakati ule mchungaji wa Kimethodisti, akampa nafasi, na jioni ile ile Catherine akahubiri. Mwaka mmoja kabla alikuwa ameandika kijitabu cha kutetea haki ya mwanamke kuhubiri. Walipoanzisha utume wao mashariki mwa London mwaka 1865, ule uliokuja kuitwa Jeshi la Wokovu mwaka 1878, jambo hilo lilikuwa limeshakatwa shauri nyumbani mwao. Na mwaka 1880 walipofungua nyumba ya mafunzo ya wasichana pale Hackney, waliikabidhi kwa binti yao Emma, msichana wa miaka 20 hivi. Kwetu Kongo pia ni mume na mke waliofungua njia: Henri Becquet, Mbelgiji, na mkewe, waliofika Léopoldville, Kinshasa ya leo, mwaka 1934.

Sasa shule yenyewe. Ni miaka miwili. Mtasoma Biblia, mafundisho ya imani ya Jeshi, namna ya kuhubiri, namna ya kumtembelea mgonjwa na mfungwa, na pia namna ya kutunza daftari la fedha. Hilo la mwisho usilidharau. Mimi ni mweka hazina wa posti yetu, nimeshaona machozi mengi yakitoka kwenye daftari baya kuliko yanayotoka kwenye hubiri baya. Kila kundi la makadeti linapewa jina lake, na jina hilo hilo wanalichukua makadeti wenzao wa nchi nyingine walioingia mwaka ule. Utalipenda hilo. Lakini fikiria pia mambo ya nyumbani. Mtakuwa darasani wote wawili. Jioni mtakuwa na masomo ya kusoma wote wawili. Nani atasonga bukari, ugali wetu? Nani atamwogesha mdogo? Ukidhani ni yeye, kama ilivyo sasa, basi utamfelisha, kwa sababu atasoma akiwa amechoka mara mbili kuliko wewe, halafu watu watasema wewe una akili zaidi. Kinshasa mtaongea Lingala sokoni na Kifaransa darasani. Wewe una Kifaransa cha chuo. Yeye je? Kwa nini asianze kusoma sasa, nawe ukimsaidia kila jioni?

Halafu kuna atelie yake ya kushona nguo. Ofisa anaacha kazi nyingine zote. Hana mshahara kama wa Gécamines, kampuni ya migodi, wa zamani. Anapewa posho ya kuishi na nyumba ya Jeshi, na viongozi wanapompa amri ya kuhama, anahama. Wewe unaacha kazi ambayo kila siku unailalamikia. Yeye anaacha cherehani alizonunua kwa jasho lake pale mtaa wa Kenya, hapa mjini, wasichana anaowafundisha kushona, na wateja wanaomjua kwa jina. Vitu mnavyoacha havina uzito mmoja, na sijaona kwenye ujumbe wako dalili kwamba umeupima wa kwake.

Uliniuliza pia itachukua miaka mingapi kufika meja. Nakujibu. Ukimaliza shule unakuwa luteni, nyota moja begani. Baada ya miaka mitano unakuwa kapteni, nyota mbili. Miaka kumi mbele, meja, na hapo nyota zinaondoka, inakuja nembo ya Jeshi. Jumla 15. Huhitaji kushindana na mtu, wala posti kubwa haikufikishi mapema kuliko posti ndogo ya kijijini. Unahitaji kutumika kwa uaminifu na kuhesabu miaka. Juu ya hapo, yaani luteni kanali, kanali na kamishna, vyeo havifuati tena miaka. Vinakuja na jukumu, na maofisa wengi wazuri wanastaafu wakiwa mameja. Jenerali ni mmoja kwa dunia nzima. Huchaguliwa na Baraza Kuu, ambalo lilikutana mara ya kwanza mwaka 1929 na kumwondoa Bramwell Booth, mwana wa mwanzilishi, aliyekuwa mgonjwa. Tangu hapo hakuna jenerali anayejichagulia mrithi.

Nguo ya Jeshi, ile sare, inavuta macho, najua. Hapa Kongo ilivuta macho kwa namna ya pekee. Miaka ile ya mwanzo, kule Bas-Congo, magharibi mwa nchi, watu walikimbilia Jeshi kwa wingi kwa sababu ya herufi S kwenye kola. Wengi waliamini ni S ya Simon, yaani Simon Kimbangu, nabii wao aliyefungwa na Wabelgiji, amerudi. Kimbangu mwenyewe wakati huo alikuwa gerezani hapa kwetu Lubumbashi, iliyoitwa Elisabethville, alikoletwa baada ya kuhukumiwa mwaka 1921, na ni hapa alipofia tarehe 12 Oktoba 1951. Mmoja wa watu wa Jeshi, Simon-Pierre Mpadi, alitoka mwaka 1939 akaanzisha kanisa lake, ambalo wafuasi wake walivaa kaki. Siwacheki watu wale. Walikuwa chini ya ukoloni, wakitafuta mkombozi wao, na walipomwona anakaribia walimkimbilia. Nakueleza ili ujue kwamba Mkongo akiivaa nguo hii anavaa pia matumaini ya watu walioitazama kabla yake, na mkeo akiivaa ni vivyo hivyo.

Na yeye usimfiche ukweli wa pili, ambao sisi wenyewe ndani ya Jeshi tunausema kwa sauti ndogo. Kanuni ya usawa ni ya zamani, lakini kuitekeleza kumechelewa. Mpaka miaka ya 1990 mke wa ofisa aliitwa kwa cheo cha mumewe. Ni mwaka 1995 tu ndipo ilipoamuliwa kwamba kila ofisa mwanamke aliyeolewa anashika cheo kama chake mwenyewe, kwa jina lake mwenyewe. Hata leo, mume akipewa kuongoza wilaya nzima, mara nyingi mke anakabidhiwa kazi ya wamama, hata kama karama yake ni fedha au kufundisha. Kazi ya wamama ni kubwa, naipenda, nimelelewa nayo. Lakini anayepewa kazi hiyo awe na karama yake. Jeshi limepata majenerali wanawake watatu: Evangeline Booth aliyechaguliwa mwaka 1934, Eva Burrows mwaka 1986, na Linda Bond mwaka 2011. Wote watatu hawakuwa wameolewa. Sidhani hilo limetokea bure. Nadhani mwanamke aliye na mume bado anatazamwa kupitia mumewe, na nadhani linaanzia mbali, linaanzia kwenye maneno kama yale yako matatu.

Mwanangu, nakujua. Ulipokuwa mdogo hukukubali kula mpaka dada yako amepata sahani yake. Ndiyo maana naamini utanielewa. Usipeleke barua yoyote ya maombi mwezi huu. Keti na mkeo, umuulize, halafu unyamaze. Usimweleze maono yako kwanza, kwa sababu ameshayasikia, na mwanamke aliyelelewa vizuri hapingi maono ya mumewe. Akisema ameitwa, mwache aandike maombi yake mwenyewe, kwa lugha yake, bila wewe kumsahihisha. Akisema bado, mngojeane. Akisema hapana, utabaki askari, yaani mshiriki wa kawaida, kama mimi, na hapo hakuna aibu: posti inahitaji sajini-meja, kiongozi wa washiriki, inahitaji mwalimu wa fanfari, bendi ya tarumbeta, inahitaji mtu wa kwenda gereza la Kasapa kuwaona wafungwa, na kazi zote hizo zinafanywa na watu wasio na nyota begani.

Jumamosi nitapita kwenu baada ya soko. Nataka nikae naye peke yake, kwa hiyo siku hiyo utabaki na watoto wewe.

Shangazi yako