Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama Watafiti wa Saikolojia ya Jamii

Ndugu wanachama,

Kamati ilikutana mara nne, semina mbili zilifanyika na jarida letu la ndani lilitoka kwa wakati. Haya mnayajua. Wanachama tuko 64, waliolipa ada ni 27, waliofika mkutano mkuu uliopita ni 19, na 6 kati ya hao waliondoka kabla hesabu hazijasomwa. Inaniuma kuyaandika haya kwa mwaka wa tatu mfululizo.

Sasa nije kwenye tuzo ya utafiti ya chama chetu. Nimepokea barua mbili zenye saini 9 zinazodai kamati ilipendelea kwa kumwacha mwenye nukuu nyingi. Wagombea wa mwisho walikuwa wawili. Wa kwanza ana makala 52 zilizonukuliwa, yaani kutajwa katika makala nyingine za kitafiti, mara 2,310, na kipimo chake cha h, nitakachokieleza hapa chini, ni 21. Wa pili ana makala 14, amenukuliwa mara 188, h yake ni 7. Tulimpa wa pili. Aliyempendekeza ni mimi, na ningempendekeza tena.

Kipimo cha h alikibuni mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005. Unapanga makala za mtu kuanzia iliyonukuliwa zaidi, unashuka ukihesabu, unasimama pale idadi ya nukuu inapokuwa ndogo kuliko namba ya mstari. Makala ya 21 ya mgombea wa kwanza ina nukuu 23, ya 22 ina 20. Basi, hiyo ndiyo 21 inayopigiwa kelele. Nilikesha usiku tatu nikizifungua nukuu hizo, na hakuna mjumbe mwingine aliyejitolea kunisaidia. Makala moja tu imebeba nukuu 1,140, karibu nusu ya zote. Ni mapitio ya tafiti za wengine, na kati ya waandishi saba yeye ni wa tano. Nukuu kama 300 amejinukuu mwenyewe. Kujinukuu si kosa, kila mtafiti hujenga juu ya kazi yake ya jana, ila kipimo hakitenganishi hayo. Wala hakisemi kama aliyenukuu alikubali au alipinga.

Fani yetu ndiyo ingepaswa kuwa ya kwanza kuwa na tahadhari. Mwanasaikolojia ya jamii Diederik Stapel wa Uholanzi alikuwa na orodha ndefu ya machapisho na jina kubwa, hadi 2011 ilipobainika kuwa alikuwa akitunga data. Makala zake 58 zikafutwa. Mwaka 2015 watafiti walirudia tafiti 100 za saikolojia, zikathibitika asilimia 36 tu, na kwa upande wetu wa saikolojia ya jamii ilikuwa kama robo. Uchambuzi wa 2021 ukaonyesha kwamba tafiti ambazo matokeo yake hayakuthibitika ziliporudiwa ndizo zilizokuwa zikinukuliwa zaidi. Mnaotaka tuhesabu nukuu, hilo mnalijibuje? Azimio la San Francisco la 2012 kuhusu namna ya kutathmini utafiti nalo lilitaka kazi ipimwe kwa yaliyomo, si kwa jina la jarida.

Katika makala 14 za mshindi, tano zimerudia majaribio ya watu wengine, na data na madodoso yote ameyaweka wazi. Nililipakua faili la mojawapo, nikalikokotoa upya jedwali la tatu, nikapata namba zilezile hadi desimali ya pili. Kwa mgombea wa kwanza niliomba data kwa barua pepe mara mbili. Sikujibiwa.

Vigezo vya tuzo havikutangazwa mapema kwa wanachama wote, nakubali. Lakini rasimu yake niliisoma mimi mwenyewe kwenye mkutano ule wa watu 19, ikapita bila swali hata moja. Kati ya waliosaini barua, wawili tu walikuwepo, na wanne hawajalipa ada.

Mwakani tunatarajia vigezo hivyo viandikwe rasmi, na hali ikiruhusu tuwe na warsha ya kurudia tafiti, pengine kwa kushirikiana na vyama vingine. Waandishi wa barua nawakaribisha kwenye kamati ya tuzo, nafasi mbili ziko wazi. Ada inapokelewa na mweka hazina hata leo.

Wenu katika kazi,
Mwenyekiti