Barua ya 1873 mmeiruka

Ndugu mhariri,

Salaam kwako na kwa wote mnaoandaa gazeti. Ile makala yenu ya okidi ya Madagaska nimeisoma mara mbili na nimeipenda sana, ila kuna kipande mmekiruka na kwangu mie hicho ndo kitamu kuliko vyote.

Mmeandika Darwin, yule mtaalamu wa viumbe wa Uingereza, aliletewa lile ua 1862, akakuta lina mrija mwembamba wa karibu sentimita 29 na nekta, yale maji matamu ya ua, iko kule chini kabisa, akasema basi lazima Madagaska kuna nondo mwenye ulimi wa kufika huko. Halafu mkaenda moja kwa moja mpaka 1903 nondo alipopewa jina. Sasa miaka 41 yote hiyo watu walikaa kimya? Walikua wanaandikiana barua!

Juni 1873 kijana mmoja wa Uingereza, W. A. Forbes, aliliandikia jarida la sayansi la Nature barua fupi tu kama hii yangu, akauliza kuna msomaji yeyote anayejua nondo wakubwa namna hiyo huko Madagaska. Jibu lilitoka Ujerumani, kwa Hermann Müller, mwalimu wa shule pale Lippstadt, ambae kaka yake Fritz alihamia Brazil tangu 1852 na kazi yake ilikua kulima na kuchungulia maua na wadudu. Na huyo Fritz alikua kashamkamata nondo huko huko Brazil mwenye ulimi wa inchi 10 mpaka 11, yaani sentimita 25 na zaidi, akiukunja unajiviringa si chini ya mara 20. Ni kweli nondo wa Brazil si ushahidi kwamba wa Madagaska yupo, lakini kuna wataalamu wa wadudu walikua wanamcheka Darwin, na hapo wakaonyeshwa kwamba ulimi mrefu hivyo upo duniani. Darwin mwenyewe akaiingiza habari hiyo kwenye toleo la pili la kitabu chake cha okidi, 1877. Alikufa 1882 nondo wa Madagaska bado hajapatikana. Na yeye na Fritz waliandikiana miaka 17 bila kuonana hata siku moja, hilo huwa linanigusa sana.

Naandika pia kwa sababu ya mipapai. Huku kwetu mtu akiona mpapai dume anaukata, anasema hauzai, mwaka unaofuata analalamika majike yanapukutisha maua, kumbe yamekosa chavua ya dume. Mie wangu nimeuacha na jioni nakaa chini yake, ikifika saa kumi na mbili na nusu hivi harufu ya maua inapanda na nondo wanaanza kuja, wanasimama hewani wanapiga mbawa kwa kasi, wananyonya, wanahamia mti mwingine na chavua wameibeba. Wanakaa dakika chache tu, giza likikolea siwaoni tena.

Kwahiyo nauliza kama Forbes alivyouliza: kuna msomaji wa Lamu, Kilifi, Morogoro au popote amewaona hawa nondo kwenye mipapai yake, wanakuja saa ngapi, na mvua ikinyesha wanakuja? Naomba majibu myachape hapa hapa.

Mwalimu mstaafu,
Muheza