Kabla ya sola, fungua sakafu ya mashua

Mhariri,

Nimeisoma barua ya kijana wa Malindi aliyenunua mashua kuukuu ya tanga na anayetaka kuhamia humo. Ameuliza ni paneli ngapi za sola zitatosha kuendesha friji. Swali lake zuri, ila limekuja mapema mno. Nasema hivyo kwa kuwa mimi nilianzia huko huko alikoanzia yeye, na nimelipa.

Mimi ni mwalimu mstaafu, hapa Matondoni. Baba alikuwa fundi wa vyombo. Mimi nikakimbilia chaki. Nilipostaafu nikanunua mashua ya futi 32 kwa warithi wa mvuvi mmoja wa Kizingitini, nikasema sasa nitalala majini. Kitu cha kwanza nilichotengeneza ni kitanda. Likafuata kabati la vitabu, meza ya jiko, sakafu ya plaiwudi niliyoipigilia misumari kutoka omo, yaani mbele, hadi tezi, yaani nyuma, na rangi ya samawati. Wageni wakasifu. Mke wangu akanusa, akauliza, "Hii harufu ya uyoga yatoka wapi?" Nikamwambia ni rangi mpya.

Siku moja nikamleta fundi atazame usukani. Hata hakuufikia. Alipita akigonga ubavu kwa nyundo, ngo, ngo, ngo, mara ikalia bu. Akaomba bisibisi, akaichoma kwenye taruma, ule mti uliopinda unaoshika mbao za ubavu kwa ndani, nyuma ya kabati langu. Ikazama mpaka mpini. "Mwalimu," akasema, "umemtandikia mgonjwa kabla ya kumfunua." Tuling'oa kila kitu. Mataruma matatu yalikuwa unga, na misumari iliyoyashika imekuwa kutu tupu.

Kijana wangu aelewe kilichotokea, maana bahari haikuhusika. Chumvi huihifadhi mbao kama inavyohifadhi ng'onda. Kinachoozesha chombo ni maji ya mvua yanayopenya kwenye sitaha na kutulia mahali pasipo upepo. Nilipokuwa mtoto nikiwaona mabaharia wakimwagia sitaha maji ya bahari, nikidhani wanaipoza tu. Mashua ya mvuvi iko wazi, hewa yapita humo mchana na usiku. Mimi niliiziba kwa kuta, nikapika humo, tukalala humo wawili tukipumua hadi alfajiri. Mvuke wote ule ukageuka jasho nyuma ya kabati. Kuishi ndani ya chombo ndiko kulikoharakisha uozo.

Rafiki mmoja alinishauri niivike fibaglasi nje, niachane na kalafati, ile kazi ya kuziba mishono ya mbao. Baba angefufuka. Mbao kuukuu huvimba na kusinyaa, fibaglasi haizifuati, na maji yakishaingia kati yake hayatoki. Tumekalafati kwa pamba iliyosokotwa na kuchovywa mafuta, mshono kwa mshono, na chini ya usawa wa maji tumepaka shahamu, yaani mafuta ya mnyama, na chokaa kama zamani. Mikono yangu imenuka wiki nzima. Mataruma mapya tumechonga kwa matawi ya mwarobaini yaliyopinda yenyewe, kwa sababu ukikata ubao ulionyooka ukaufanya upinde, nyuzi za mti zimekatika na nguvu imekwenda nazo.

Sakafu sasa ni vipande vipande, kila kimoja nakiinua kwa vidole viwili. Farumi, ule uzito wa chini wa kutuliza chombo, nayo nimeibadilisha. Mashua isiyo na shehena huelea juu mno na kuyumba ovyo, kwa hiyo uzito lazima uwemo; lakini mimi nilikuwa nimemwaga mchanga mtupu, ukaziba matundu ya mataruma ambayo maji hupitia kwenda kwenye pampu. Siku hizi naweka mawe, naweza kuyatoa nikaona ngama yote, yaani tumbo la chini la chombo, mpaka mkuku, mti wa uti wa mgongo wake.

Kuhusu jiko, neno moja tu. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haitoki dirishani, hushuka na kujikusanya ngamani, pale chini ya kitanda, ikingoja kiberiti. Mtungi wangu uko juu, tezini, na chai nachemsha kwa makaa ndani ya sanduku la mchanga. Choo ni habari nyingine, sitaipeleka gazetini.

Sola nitafunga. Friji mke wangu keshaichagua. Lakini kwanza nangoja bamvua, yale maji makuu ya mwezi mwandamo, ili tuishue, kisha ikae majini mbao zivimbe na mishono ijifunge, nami nihesabu nafua maji, yaani kuyatoa ngamani, mara ngapi kwa siku kabla ya kurudisha godoro.

Kijana wa Malindi akipata nafasi ya kuja kabla ya hapo, atakuta ubao mmoja karibu na fashini ya nyuma, ule mti wa wima wa tezini, hatujaufunga. Aje na bisibisi yake. Taruma bovu nimemwekea moja, lipo chini ya mwembe.

Mwalimu mstaafu,
Matondoni, Lamu